Mashine ya kutandaza mabua: fedha iko kwenye mabua

Wenye mitaji midogo wanaopenda biashara ya maziwa hupenda pia mashine. Mojawapo inayosifiwa sana huko Ulaya ni ile ya kukata na kutandaza mabua ya ngano kwenye mabanda ya ng'ombe. Maoni yetu ni kwamba anayefikiria kuiagiza kwa ajili ya soko letu apige hesabu kwanza. Biashara ipo, ila haiko pale macho yanapotazama.

Tuanze na mashine yenyewe. Hufungwa nyuma ya trekta na kuendeshwa na shafti ya trekta hilo. Robota zima la mabua huingizwa ndani, hukatwakatwa, kisha feni kubwa huyarusha kupitia bomba hadi mita 15 au zaidi. Teagle wa Cornwall, Uingereza, huiuza kwa jina la Tomahawk. Kuhn wa Ufaransa wana Primor. Watengenezaji wanadai pia kwamba mabua yaliyotandazwa kwa usawa hutosha eneo kubwa zaidi kuliko yale yaliyotupwa kwa uma.

Kwa nini Mwingereza anaihitaji? Baridi na mvua humlazimisha kufungia mifugo ndani kwa karibu nusu mwaka. Ng'ombe wa maziwa hulala zaidi ya saa 10 kwa siku, na asipopata malalo makavu maziwa hupungua na ugonjwa wa kiwele huingia. Ng'ombe mmoja wa banda la mabua anaweza kumaliza zaidi ya tani moja kwa majira hayo ya baridi. Mwenye ng'ombe 100 ana mzigo wa kuhamisha tani 100 na zaidi.

Sasa hesabu. Tuseme mashine inamwokolea mkulima huyo dakika 50 kila siku kwa siku 180. Hizo ni saa 150. Kima cha chini cha mshahara Uingereza kilichoanza Aprili 2025 kwa mtu wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Basi anaokoa pauni 1,831 kwa mwaka. Ikiwa mashine imemgharimu pauni 12,000, inajilipa kwa miaka sita na nusu, bila kuhesabu mafuta. Inavumilika, hasa kwa mtu ambaye hata akiwa na fedha hapati kibarua wa kumwajiri.

Lete hesabu hiyohiyo kwetu. Tuchukue mfugaji mkubwa kwa kipimo chetu, mwenye ng'ombe 20 wa ndani, na tuseme kutandika malalo kunamchukua kibarua nusu saa kila siku. Kwa mwaka ni saa 182, yaani siku 23 za kazi. Kibarua akilipwa shilingi 10,000 kwa siku, gharama yote ni shilingi 230,000. Pauni 12,000 ni zaidi ya shilingi milioni 30, kabla ya meli, bandari na ushuru. Mashine hiyo itahitaji zaidi ya miaka 130 kujilipa! Na bado hatujanunua trekta la kuiendesha, maana zile kubwa zinataka trekta la nguvu za farasi 70 na kuendelea. Mfugaji wa Kilimanjaro au Rungwe mwenye ng'ombe wawili hana hata mlango wa kulipitisha trekta hilo.

Wapo watakaosema tufikirie mbele, mashamba yatakua. Tumewahi kufikiria mbele. Kuanzia miaka ya 1970 Kanada iliisaidia NAFCO kulima ngano Hanang kwa matrekta na mashine za kuvunia za kisasa, kwenye ardhi ambayo Wabarbaig walikuwa wakichungia ng'ombe wao. Mashine zilifanya kazi maadamu msaada ulileta vipuri. Msaada ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, uzalishaji ulishuka. Mashine inayosubiri kipuri kutoka ng'ambo ni chuma kilichofungia mtaji.

Isitoshe, mashine hii ina maradhi yake. Vumbi la mabua yenye ukungu huumiza mapafu ya mtu na ya ng'ombe. Kurusha malalo mapya juu ya yaliyolowa hakuondoi vijidudu vya kiwele. Banda lazima lisafishwe. Kazi hiyo ya kusafisha bado inabaki kwa kibarua.

Basi fedha iko wapi? Iko kwenye mabua. Waingereza walikuwa wakiyachoma mashambani hadi sheria ilipopiga marufuku England na Wales mwaka 1993. Kilichokuwa taka kikawa bidhaa. Kituo cha umeme karibu na Ely, Cambridgeshire, kilichofunguliwa mwaka 2000, huchoma kama tani 200,000 za mabua kwa mwaka. Mfugaji sasa anashindana na umeme kununua malalo, na ukame wa 2018 ulipandisha bei hadi wengi wakatafuta maranda na mchanga badala yake. Aliyekuwa na ghala lililojaa mwaka huo alivuna vizuri.

Sisi bado tunachoma. Baada ya mavuno, moshi wa majani ya mpunga huonekana Mbarali na Kilombero, wakati mfugaji wa mlimani anatafuta majani kwa kubeba kichwani. Wakenya wametutangulia: majani ya mpunga ya Mwea hufungwa marobota na kuuzwa kwa wafugaji wa maziwa. Hapo mzigo mmoja una soko mara mbili. Yaliyo bora ni chakula cha kiangazi, hasa yakitiwa urea, kwani yenyewe yana protini kidogo. Yaliyobaki ni malalo, na malalo yaliyoshika mkojo hurudi shambani kama samadi nzito ya migomba na kahawa.

Kikwazo ni usafiri. Majani yasiyofungwa hulijaza lori la tani 10 kabla halijafika nusu ya uzito wake, na mnunuzi anajikuta amelipia hewa. Kwa hiyo mashine ya kwanza ya kununua ni ya kufunga. Wa mtaji mdogo kabisa aanze na kasha la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, kamba na vibarua wawili. Robota lake huwa kama kilo 20. Akipata wateja wa kudumu, ndipo waungane watatu au wanne kununua mashine ya kufunga inayovutwa na trekta la kukodi.

Tahadhari tatu. Usinunue majani yenye unyevu, maana ukungu utakula faida yako ghalani. Elewana na mkulima kabla ya mavuno, akijua kwamba majani yakiondoka na rutuba ya potasiamu inaondoka, hivyo ana haki ya kulipwa. Na usiuze yote wakati wa mavuno. Bei ya majani hutengenezwa na kiangazi, na mwenye paa zuri juu ya marobota yake ndiye atakayeipanga.

Mashine ya kutandaza tuwaachie wenye baridi yao. Kwetu uma wa shilingi elfu chache unatosha, ilimradi kuna kitu cha kutandaza.