Nyumba na Bustani: Klematisi ya Maua ya Waridi

Bibi mmoja katika wasomaji wetu waishio Uingereza ametuletea barua juu ya mmea wake. Asema kwamba miaka mitatu iliyopita alipanda penye ukuta wa nyumba yake klematisi ya maua ya rangi ya waridi, ya aina iitwayo montana. Majira ya kwanza ilichanua hata wapita njia wakasimama kuitazama. Tangu hapo haikutoa ua hata moja. Imekuwa majani matupu, na matawi yamekwisha kuingia katika mfereji wa paa la jirani, naye jirani amenung'unika. Mumewe ashauri ing'olewe. Yeye hataki, na atuuliza kama kuna dawa. Mwisho wa barua akaongeza neno dogo ambalo ndani yake limo jawabu: kila mwezi wa Januari mumewe huipogoa vizuri kwa mkasi.

Dada yetu, usiing'oe. Mmea wako hauna maradhi. Montana hutoa maua yake katika matawi yaliyokua mwaka uliotangulia. Siku za baridi matawi hayo huwa kama kamba kavu, na asiyeyajua huyadhani yamekufa. Kumbe matumba ya mwezi wa Mei yamo humo, yamelala. Akataye Januari huyakata maua yote kabla hayajaonekana. Na kwa kuwa mizizi ina nguvu, mmea hurudi kwa matawi mapya marefu yasiyo na ua, nayo ndiyo yaliyofika kwa jirani.

Wakati wa kukata ni mara tu maua yaishapo, yaani mwezi wa Juni hivi. Hapo punguza utakavyo, na matawi yatakayoota baadaye yatapata majira yote ya joto kukua na kukomaa. Lakini usitie mkasi kabla ya kutazama ndani, kwani ndege hupenda kujenga katika mchafuko wa matawi kama huo. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1981 yakataza kuharibu kiota kinachotumiwa na ndege. Makinda yakiwamo, ngojeni mpaka yaruke.

Bwana wa nyumba hatumlaumu sana. Ziko klematisi nyingine, zichanuazo mwishoni mwa joto, ambazo maua yake hutoka katika matawi ya mwaka ule ule; hizo hukatwa karibu na ardhi mwezi wa Februari, na kukatwa huzifaa. Yumkini aliona kwa watu wenye aina hiyo akaiga. Basi kabla ya kuazima ujuzi wa jirani, mtu na aulize kwanza mmea wa jirani huyo ni wa aina gani.

Ama ule mfereji, shauri letu ni jingine. Msingoje Juni. Sheria huko yamruhusu jirani kuyakata matawi yavukayo mpaka wake, lakini si vizuri kumwachia yeye kazi hiyo. Nendeni wenyewe, bwana na bibi, mkamwombe ruhusa, mkayatoe yote yaliyoingia kwake, hata kama ni katikati ya baridi na maua ya upande huo yatapotea mwaka huu. Maji ya mvua yakizibwa hurudi ukutani, na ukuta ule si wenu. Wala msiyavute kwa nguvu. Klematisi haina gundi wala vinyonyo. Hupanda kwa vikonyo vya majani, ambavyo hujizungusha penye kitu chembamba na kukishika imara. Ukivuta tawi, huenda ukang'oa na mfereji. Kata vipande vipande, kisha vitoe kimoja kimoja.

Kwa sababu hiyo hiyo haifai kuiegemeza kwenye nguzo nene, maana kikonyo hakiwezi kuizunguka. Pigeni misumari ukutani, mtandaze waya kwa ulalo, kisha kila mwaka myaongoze matawi machanga upande wenu. Na jueni kwamba montana hufika mita nane na zaidi. Wauzaji huiuza katika chungu kidogo, ikiwa na urefu wa mtoto, wala hawasemi itakavyokuwa.

Mizizi yake yapenda ubaridi na unyevu, nalo jua liwe juu. Wekeni mawe bapa penye shina, mtie mboji, na wakati wa ukavu mwagilieni, kwani mvua aghalabu haifiki chini ya ukuta.

Jambo la kuangaliwa khasa ni utomvu wake, ambao huwasha ngozi. Zamani huko Ufaransa waombaji walijipaka utomvu wa klematisi ya porini ili wafanye vidonda na kuhurumiwa na watu! Vaeni mifuko ya mikono mkatapo, na matawi yaliyokatwa yasiachwe penye watoto wadogo. Sisi tufundishao watoto twajua kuwa kilichomo mkononi hakikawii kufika kinywani.

Wasomaji wetu wa Mombasa na Unguja wasiitamani. Asili yake ni milima ya Himalaya na China. Ilifika Uingereza mwaka 1831, na ile ya waridi ililetwa kutoka China na Ernest Wilson mwaka 1900. Baridi ndiyo kwao. Pwani yatutosha bogenvilia, nayo haina haja ya kubembelezwa.

Dada yetu pia ameuliza kama aweza kumpa jirani mche. Aweza, na ni fikira njema. Mwezi wa Juni, achague tawi changa lifikalo chini, alikwaruze kidogo penye kifundo, alizike hapo kwa udongo na kuweka jiwe juu, ncha ibaki nje. Baada ya mwaka hivi litakuwa limetoa mizizi. Alikate kutoka kwa mama yake, alitie katika chungu na kulipeleka, pamoja na habari za mkasi wa Januari.