Maumivu Yafuatayo Mwezi

Katika nyumba za askari, iwe Arua au Koboko, hakosekani mama ambaye majirani wamekwisha kumpa jina la mvivu. Alfajiri huamka amechoka kama mtu aliyetwanga muhogo usiku kucha. Leo mabega yamuuma, kesho kiuno na mapaja. Amepimwa malaria mara nyingi bila kuonekana vijidudu, amemeza dawa za taifodi, amedungwa sindano za diklofenaki, na bado hajapona. Mumewe arudipo kutoka lindoni hukuta moto haujawashwa, na maneno makali huanzia hapo.

Yawezekana mama huyo ana ugonjwa uitwao faibromialjia. Misuli yake haikuharibika wala viungo havikuvimba. Kasoro imo katika namna ubongo na neva zinavyopokea habari za maumivu. Ni kama redio ya mawasiliano iliyofunguliwa sauti kupita kiasi: neno la kunong'ona lasikika kama kelele. Maumivu hayo huenea mwilini kwa miezi 3 au zaidi, pamoja na usingizi usioburudisha, uchovu na usahaulifu. Wanawake ndio waonekanao kuwa nao zaidi. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliweka kanuni ya kubonyeza mahali 18 mwilini, na mgonjwa akiumia mahali 11 ndipo ahesabiwe kuwa nao. Mwaka 2010 waliweka kanuni nyingine, ambayo huhesabu sehemu zinazouma na kuuliza habari za usingizi, uchovu na kumbukumbu. Hakuna kipimo cha damu kiuonyeshacho. Kwa hiyo cheti cha maabara kisichoonyesha kitu si ushahidi kwamba mama anajisingizia.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba maumivu hayo yana siku zake. Mwili wa mwanamke hutengeneza homoni ziitwazo estrojeni na projesteroni, ambazo kiasi chake hupanda na kushuka kila mwezi. Siku chache kabla ya hedhi zote mbili hushuka. Homoni hizo hazifanyi kazi katika kizazi pekee. Hufika pia katika ubongo, kwenye sehemu zisimamiazo maumivu na usingizi. Si ajabu basi kuwa wagonjwa wengi husema hali zao huwa mbaya zaidi siku hizo. Kisha, baina ya umri wa miaka 45 na 55, hedhi hukoma kwa wanawake walio wengi. Joto la ghafla na jasho la usiku humkatiza mama usingizi, na asiyelala vizuri huumia zaidi kesho yake.

Dawa ya kwanza, kama yaweza kuitwa dawa, ni daftari la shule na kalamu. Kila jioni mama aandike maumivu yake kwa namba, tangu 0 hadi 10, jinsi alivyolala, na kama yumo katika hedhi. Baada ya miezi 2 au 3 mwendo wake utaonekana. Atumiaye sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi 3 aandike tarehe ya sindano, kwani hedhi yake yaweza kuvurugika au kutoweka.

Daftari hilo lipelekwe kwa mganga wa kituo cha afya, naye akiona haja amwandikie mgonjwa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Arua. Upungufu wa damu, hasa kwa mama atokwaye na hedhi nyingi, pamoja na ugonjwa wa tezi ya shingo na baridi yabisi, huleta uchovu na maumivu yafananayo na haya, nayo yana tiba zake. Homa isiyokwisha, kukonda, viungo kuvimba au mguu kulegea visingojewe hata juma moja.

Kuhusu sindano za diklofenaki, kuzidunga mara kwa mara huumiza tumbo na figo, na ugonjwa huu hausikii sana dawa za namna hiyo. Daktari aweza kutoa amitriptilini kwa kiasi kidogo wakati wa usiku. Lisaidialo zaidi ni mazoezi ya polepole. Kuruta hapelekwi matembezi ya maili 20 siku ya kwanza. Mama naye aanze kwa dakika 10 za kutembea, aongeze kidogo kidogo, na siku mbaya apunguze bila kuacha kabisa.

Polisi aliyezoea kitabu cha matukio, au mwanajeshi aliyezoea orodha ya zamu, hatashindwa kulisoma daftari la mkewe. Akiona kwamba siku 4 kabla ya hedhi namba hupanda kutoka 3 hadi 8, jerikeni za maji za siku hizo zichukuliwe na yeye mwenyewe au na vijana wakubwa wa nyumbani, na muhogo utwangwe mapema.