Kabla ya upanga, kitabu
Makala yenu imewatendea haki wanaofufua sanaa za kale za mapigano za Ulaya, ila imepita mbio kwenye kazi yao ngumu zaidi: kusoma. Mlolongo wa walimu waliorithishana mapigo ya upanga wa Zama za Kati ulikatika karne nyingi zilizopita, vikabaki vitabu.

Kikongwe kuliko vyote vinavyojulikana kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Royal Armouries, Leeds, Uingereza. Kiliandikwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1300, kwa Kilatini, na picha zake zinaonyesha kasisi akimfundisha mwanafunzi upanga na ngao ndogo ya kushikwa kwa ngumi. Katika kurasa za mwisho kasisi anapambana na mwanamke, Walpurgis. Huyo alistahili kutajwa katika makala!

Picha haionyeshi mguu ulitokea wapi. Basi kwenye kikundi mmoja hutafsiri, wawili huvaa barakoa na kulijaribu pigo kwa panga butu, polepole kwanza, kisha kwa kasi. Mkono ukiachwa wazi ukapigwa, wanarudi kuyasoma maandishi upya.

Watu wa kujitolea wa Wiktenauer, maktaba ya mtandaoni ya vitabu hivi, wamekusanya mafundisho ya walimu wa kale kama Johannes Liechtenauer, Fiore dei Liberi na wengineo, wakayatoa bure. Bila wao, vikundi vingi vidogo vingekuwa vinabahatisha tu.