Akiba zetu na huu wasiwasi wa benki

Mhariri,

Kila benki inapoyumba, wakubwa hutuambia tutulie. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mshahara mwisho wa mwezi. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, benki tatu nchini Kenya ziliwekwa chini ya mrasimu: Dubai, Imperial na Chase. Bima ya amana wakati huo ilimlinda mteja kwa shilingi 100,000 tu, fedha ambazo muuza mitumba wa Gikomba huzimaliza kwa marobota machache. Mwaka 2020 kiwango kilipandishwa hadi 500,000. Afadhali, ila wangapi wanajua?

Sisi wa vyama vya akiba ndio tunaoumiza vichwa. Kwetu, kabla ya mtu kutoa mchango, lazima mweka hazina aoneshe ujumbe wa salio kwenye simu yake, na mama mmoja huvaa miwani ausome mwenyewe. Simlaumu hata kidogo.

Wengine wanatushauri tukimbilie soko la hisa. Hisa za Safaricom ziliuzwa shilingi 5 mwaka 2008 watu wakipanga foleni, wengine kwa mikopo. Haukupita mwaka zikawa chini ya shilingi 3. Aliyevumilia miaka mingi alifaidika, lakini mwenye mkopo hana miaka ya kusubiri.

Naomba gazeti lako liwaulize wahusika wa bima ya amana: akaunti moja ya chama cha watu thelathini huhesabiwa kama mteja mmoja, au thelathini?

Msomaji,
Nairobi