Mabati ya Mwenye Dawa

Miaka kadhaa iliyopita, katika kata moja ya hapa Mwanza, ilifanyika harambee ya kuezeka madarasa mawili ya shule ya msingi. Mfadhili mkuu alikuwa mfanyabiashara aliyetajirika kwa dawa za chupa, zile zinazonadiwa kwa kipaza sauti kuwa zinaponya kisukari, presha, ngiri na ugumba kwa pamoja. Alitoa mabati yote. Kamati iliniomba, mimi mwalimu mstaafu, nisome neno la shukrani. Nilikataa, na tangu siku hiyo naitwa mwenye husuda. Binamu yangu alinijia nyumbani akaniambia, "Kaka, mabati hayana dhambi." Maneno haya ni jibu langu kwake na kwa wote wenye mawazo kama yake.

Shangazi yangu alikuwa mgonjwa wa kisukari aliyehudhuria kliniki bila kukosa, mpaka alipoinunua dawa ya bwana yule. Aliambiwa aache vidonge vya hospitali, ati vitagombana na dawa. Aliacha kwa miezi minne. Lengelenge la kandambili likageuka kidonda, na kidonda kikaishia mguu kukatwa chini ya goti. Mjukuu wake anasoma chini ya mabati yale. Je, ndugu msomaji, nisimame mbele ya shangazi niseme asante kwa niaba ya ukoo?

Mtu wa namna hii si mgeni duniani. Mwaka 1858, Speke alipoliona ziwa letu kutoka pande hizi za Mwanza na kulibandika jina la malkia wake, huko London Thomas Holloway alikuwa amekwisha kuuza malhamu na vidonge kwa miaka zaidi ya ishirini. Alianza mwaka 1837. Wazo la malhamu alilipata kwa Mwitaliano mmoja, Felix Albinolo, na wote wawili walionja gereza la wadaiwa. Holloway ndiye aliyetoka akawa tajiri. Siri yake ilikuwa matangazo. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa akitumia kiasi cha pauni 50,000 kwa mwaka kwa matangazo peke yake, katika magazeti ya nchi nyingi na kwa lugha nyingi. Na vidonge vilikuwa na nini? Wataalamu walipovipima walikuta shubiri, tangawizi na sabuni. Bibi zetu wangevitengeneza jikoni.

Samuel Baker, yule aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa amewagawia wagonjwa vidonge hivyo alipozunguka kwenye vijito vya Nile mpakani mwa Ethiopia. Aliandika bila haya kwamba vinaharisha waziwazi kiasi kwamba mgonjwa hawezi kukana kuwa vimefanya kazi. Holloway aliyafanya maneno hayo kuwa tangazo! Hapo ndipo ninapoona ufundi wa biashara hii: mgonjwa anauziwa dalili kwamba jambo fulani limetokea tumboni mwake.

Sasa tuje kwenye wema wake, maana sikatai kwamba ulikuwepo. Hakuwa na mtoto. Alijenga hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa mwaka 1885, na chuo cha wanawake huko Egham, kwa kumkumbuka mkewe Jane, ambacho Malkia Victoria alikifungua mwaka 1886. Holloway mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1883. Chuo kile kimewanufaisha wanawake wengi, na kipo hadi leo. Lakini tazama waliopewa. Hospitali ilikusudiwa watu wa tabaka la kati, na chuoni hakuingia binti wa dobi. Senti zilitoka kwa mafundi, vijakazi na mabaharia waliokuwa wakiumwa. Majumba yakaenda kwa wengine. Binamu yangu anasema mtajiri "amerudisha kwa jamii". Amemrudishia nani? Aliyechukuliwa na aliyepewa si mtu mmoja, na mimi siwezi kumsamehe mdaiwa kwa deni la shangazi.

Wapo watakaosema kila muuza dawa basi ni mwizi. Sivyo. Henry Wellcome naye alikuwa hodari wa matangazo. Kampuni yake ilimpa Stanley masanduku tisa ya dawa bure kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha, safari iliyopita kusini mwa ziwa hili mwaka 1889 na kupumzika Usambiro kwa mmisionari Mackay. Alijua fika kwamba jina la Stanley litamuuzia vidonge. Naye pia aliacha mali nyingi. Wasia wake wa mwaka 1932 bado unalipia utafiti wa malaria kule Kilifi. Lakini kidonge chake cha kwinini kilikuwa na kwinini, na kibandiko kilisema hivyo. Sidai zaidi ya hapo.

Chupa ya shangazi ninayo. Kibandiko kina picha ya simba na majina ya magonjwa 19, na hakuna hata neno moja la kilichomo.

Sasa kamati inataka darasa lipewe jina la mfadhili na libandikwe kibao cha marumaru. Mabati yabaki, watoto wasinyeshewe kwa ajili ya ugomvi wangu. Jina ndilo ninalolipinga. Kikao ni Jumamosi saa nne asubuhi, na shangazi ameniomba nimtafutie bajaji, maana anataka kuhudhuria mwenyewe.