Vumbi la Singida Limesingiziwa

Ukifika mwezi wa Agosti, upepo ukishaanza kuzoa mchanga kwenye mashamba yaliyovunwa alizeti, kila jicho jekundu hapa Singida lina maelezo yake tayari. Mtoto kaamka kope zimegandana kwa tongotongo: vumbi. Bibi anatokwa machozi akikaa juani: vumbi hilohilo. Nimeyasikia haya kwa madereva, kwa walimu, hata kwa watu waliofaulu biolojia. Leo naomba nilitetee vumbi.

Sikatai kwamba linawasha. Linawasha, unanawa, jioni umeshasahau. Lakini ugonjwa unaopofusha wazee wa ukanda huu wa kati ni vikope, na vikope huletwa na bakteria. Bakteria hao hukaa ndani ya ukope wa juu na kuotesha vijipele ambavyo huvioni mpaka ukope upinduliwe. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, miaka nenda rudi, ukope hujaa makovu na makovu huukunja kwa ndani. Nywele za kope zinaanza kukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Ndipo unapomkuta mama mtu mzima amefunga kibano kwenye pindo la kanga, kibano cha kung'olea kope zake mwenyewe.

Kama mchawi ni vumbi, mbona Oman wamepona? Nchi ya jangwa, mchanga unaingia hadi kwenye sufuria, nayo ndiyo ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, kuwa imetokomeza vikope kama tatizo la afya ya jamii. Geuza upande wa pili: London, mji wa mvua na matope. Hospitali ya macho ya Moorfields ilianza huko mwaka 1805, wakati askari waliorudi kutoka vitani Misri walipokuja na vikope. Vumbi la Misri halikupanda meli. Macho ya askari ndiyo yaliyopanda.

Hoja inayonikera zaidi ipo hapahapa nyumbani. Mchungaji anayeshinda nyuma ya ng'ombe hula vumbi kuliko mkewe. Basi yeye ndiye angetangulia kupofuka. Sivyo. Shirika hilohilo linasema wanawake hupofuka kwa vikope hadi mara nne zaidi ya wanaume, na sababu inayotajwa ni ukaribu wao na watoto wenye maambukizi. Mtazame mama asubuhi: pindo moja la kanga linamfuta mtoto wa kwanza macho na kamasi, linahamia kwa wa pili, kisha anajifuta mwenyewe jasho. Usiku watoto wanne wanalalia mto mmoja.

Halafu kuna nzi. Nzi anayependa kutua machoni hutaga mayai hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Ndani ya shimo la choo hazaliani. Kwa hiyo anayejisaidia kichakani kwa jirani yako anahusika na jicho la mwanao kuliko upepo wote wa kiangazi. (Najua hii si habari ya kusoma ukiwa mezani.)

Imani ya vumbi inapendwa kwa sababu haimdai mtu chochote. Upepo hauna mwenyekiti wa kijiji. Ukisema ni uchafu wa uso, itabidi tuulize kisima kiko wapi, na kaya ngapi hazina choo. Hata hivyo maji nayo tusiyafanye kisingizio kingine. Utafiti uliofanyika Kongwa, jirani zetu wa Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa watoto walioendelea kuwa na nyuso safi walipungukiwa na vikope vikali. Kibuyu chirizi kimoja kinaosha nyuso za nyumba nzima na maji yanabaki.

Si kila jicho jekundu ni vikope. Yale macho mekundu yaliyoienea Dar es Salaam Januari 2024 yalikuwa ya virusi, ambayo kwa kawaida huisha yenyewe. Kuyamiminia chai ya rangi au maziwa ya mama ni kuyaongezea vijidudu. Chokea hukandwa kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, wala haikamuliwi. Ila jicho linalouma sana, linaloona ukungu au lisilostahimili mwanga lisisubiri, na mtoto mchanga mwenye usaha machoni apelekwe kituoni siku hiyohiyo, kwani kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa kinaweza kumpofusha ndani ya siku chache. Matone yaliyobaki kwa jirani yaacheni kwa jirani. Yakiwa na steroidi na jicho lina kidonda, yanaharibu kabisa.

Vikope vyenyewe vina dawa. Azithromaisini humezwa mara moja, watoto wakipimwa dozi kwa fimbo ya urefu. Wasioweza kuitumia hupakwa mafuta ya tetrasaiklini mara mbili kwa siku, wiki sita. Na yule mama wa kibano? Kuna upasuaji mdogo wa kuugeuza ukope, unafanywa kwa ganzi, anarudi nyumbani siku ileile. Ukungu wa kovu uliokwisha kuingia kwenye kioo hautaondoka, ila kukwaruzwa kunakoma. Umri wake wote amekuwa akiambiwa ajifunge kitambaa usoni upepo ukivuma.