Chaji ya hewani ipo, ila usiingizwe mjini

Wiki hii tunapiga stori ya umeme wa bure unaopita hewani, maana ukikaa vibaya kuna mjanja atakuuzia hewa kweli kweli.

Ni hivi. Hapo ulipo mawimbi ya redio yanakupitia kila upande: ya stesheni za FM, ya televisheni, ya minara ya simu, mpaka ya waifai ya jirani yako mchoyo. Mawimbi hayo yana nguvu ndani yake. Yakigusa waya yanaamsha umeme kiduchu, na ukiupitisha kwenye dayodi, yaani kile kidude kinachoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, unapata umeme wa kutumia. Hakuna ndumba hapo.

Wala si mambo mapya. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walisikiliza redio zisizo na betri wala waya wa ukutani. Zilikuwa na antena ndefu, koili, kijiwe cha madini ya galena na kidude cha kuweka sikioni, basi. Sauti ililetwa na nguvu ya mawimbi yenyewe. Mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Marekani waliobanwa kule Anzio, Italia, waliunda redio za namna hiyo kwa wembe na kupata muziki humo humo mahandakini.

Mashushushu nao hawakulala. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, zawadi ya nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mbao. Ikatundikwa ukutani nyumbani kwake. Kumbe ndani mna kinasa sauti kilichobuniwa na Leon Theremin, hakina betri hata moja! Warusi walikimulika kwa mawimbi kutoka nje, nacho kinaamka na kuanza kumwaga siri. Soo lilikuja kugundulika 1952, miaka saba baadaye.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndipo watu wanapoliwa. Mwaka 2009 kule Seattle, Marekani, wataalamu Alanson Sample na Joshua Smith walielekeza antena kwenye mnara wa televisheni ulio umbali wa kilomita nne hivi. Walivuna maikrowati 60, yaani sehemu 60 za milioni za wati moja. Zilitosha kuendesha kipimajoto kidogo chenye kioo cha namba. Walistahili kupigiwa makofi.

Lakini betri ya simu yako ya mAh 4,000 inabeba kama wati 15 kwa saa moja. Ukiijaza kwa maikrowati 60, bila kupoteza hata chembe, itakuchukua miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku uliyoanza kuchaji atakuwa ameshaoa na simu bado haijasema imejaa!

Kwa hiyo akitokea mshikaji na stika ya kubandika nyuma ya simu, eti inavuta chaji kutoka kwenye mnara, usitoe mshiko. Mwambie aibandike kwenye simu iliyozima kabisa, ikae mpaka kesho, halafu aiwashe mbele yako. Utamwona anavyokumbuka ghafla kwamba ana safari. Na usichanganye na zile sahani za kuchajia bila waya. Zile zimechomekwa kwenye umeme, na simu lazima izilalie.

Je, mambo haya hayana faida? Yanayo, tena tele, kwa vidude vinavyokula kidogo. Kadi unayogusisha mlangoni haina betri, inaamshwa na mawimbi ya kile chombo cha kusomea. Na mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Washington kilionyesha simu isiyo na betri, inayotumia maikrowati 3.5 tu. Ilipiga simu kweli, ila kituo chake kilikuwa umbali wa mita tisa na ushee, na ilibidi ubonyeze kitufe kila unapobadilisha kati ya kusema na kusikiliza. Kumpigia mchumba wako aliye Mbeya, sahau!

Faida yake hasa ni kwa kipima unyevu wa udongo shambani, au kidude cha kuangalia ufa kwenye daraja, kitu kinachopima kidogo, kinatuma neno moja, halafu kinalala. Kwa vitu hivyo, kutobadilisha betri ni ukombozi. Kijana unayependa kuchokonoa redio mbovu, anzia hapo. Waya, koili na dayodi havihitaji mtaji mkubwa.

Kwa simu, endelea kuwahi soketi kabla umeme haujakatika. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa!